Mwizi wa Serikali ya Ujihami

Je, wewe uliyekaa hapo umeukumbatia mkoba wako mapajani, umewahi kumwonea mwizi huruma? Usijibu sasa. Mfuate kwanza Mashavu wa Mtindini mpaka alikofika, kisha ujijibu mwenyewe.

Mashavu alikuwa fundi cherehani na mkunga, mjane, mwenye binti mmoja tu, Sikitu. Huyo Sikitu alikuwa na mimba ya miezi saba na ushei, mimba ya kwanza, na miguu imemvimba hata viatu vya mumewe vilikuwa vinambana. Mashavu akaondoka kwenda mji wa mbali kutafuta flaneli ya kumpokelea mjukuu, maana flaneli ya dukani kwao ilikuwa nyepesi kama kichujio cha chai. Akamwambia bintiye, "Mwezi hautaandama mara ya pili kabla sijakaa hapa kwako, maji ya moto tayari na mikono nimenawa." Akanunua mita tatu, rangi ya maziwa, zenye vitone vya manjano. Wakati wa kurudi ukungu ukamfunika, akapotea siku tatu, na ukungu ulipoinuka alikuwa mbele ya lango la nchi ambayo hakuwahi kuisikia. Habari za njiani ziishie hapo, hazina tamu wala chungu.

Juu ya lango palichongwa maneno haya kwa herufi kubwa: MTU HUJIKUNA AJIPATAPO. Mashavu aliifahamu methali hiyo. Kwao huambiwa mtu asiye na uwezo ili asijihukumu sana. Hapa iliandikwa kama amri.

Sauti ikatoka katika bomba refu la bati. "Unaogopa nini?"

"Sijambo," akajibu Mashavu, akidhani amesalimiwa.

"Sikukuuliza kama hujambo, mama. Nimekuuliza unaogopa nini."

Mashavu akafikiri. "Naogopa kuchelewa nyumbani. Binti yangu anakaribia kujifungua."

Karani wa lango akapitisha kidole kwenye orodha yake. Mlikuwa na wezi, wakabaji, mbwa, majirani, watu wanaotembea haraka na watu wanaotembea polepole. Kuchelewa hakukuwamo. Akamwandika chini ya "mengineyo". Kisha akaipekua mizigo yake kwa koleo ndefu, akaiona sindano, akaiandika: mkuki mdogo, mmoja.

Baadaye alielewa kwamba kweli ile ilikuwa salamu. Katika nchi hiyo, iitwayo Ujihami, watu wakikutana mmoja huuliza, "Unaogopa nini?" na mwenziwe hujibu, "Mgongo wangu." Wakishasema hayo hupishana, kila mmoja akishika ufito wa mikono minne kupimia umbali, kwa kuwa kumsogelea mtu zaidi ya hapo ni kosa.

Na mavazi yao, ndugu yangu! Mwanamume wa Ujihami hatoki nje bila kofia ya vioo, inayomwonyesha kila kilicho nyuma yake. Kwa sababu hiyo hakioni kilicho mbele, na nguzo zote za barabarani zimefungwa magodoro. Wanawake huvaa vizibao vinavyopiga yowe mtu akikaribia. Siku ya sokoni vilikuwa vinalia mia mbili kwa pamoja, na hakuna aliyegeuza shingo kutazama, kwani nani angejua yowe lipi ni la kweli? Mtu akifa, waombolezaji hungoja nje mpaka kizibao chake kinyamaze, ndipo wamwendee, na kipo kilicholia siku nne.

Mashavu alipewa chumba kwa Bi Ruhila, mjumbe wa Baraza la Kinga, mwanamke mpole mwenye funguo kumi na moja shingoni. Bi Ruhila alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Alimlisha uji kwa upawa wenye mpini wa urefu wa mtu, yeye akiwa upande huu wa chumba na mtoto upande ule, na nusu ya uji ikaenda masikioni.

"Mbona humpakati?" akauliza Mashavu.

"Nimpakate? Kizibao changu kitalia, chake kitalia, atashtuka."

"Vivue, basi."

Bi Ruhila akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue ngozi.

"Na siku alipozaliwa, nani alimpokea?"

"Wavu," akasema Bi Ruhila. "Wavu mzuri. Ulipata tuzo mwaka ule."

Mashavu akaikunja upya flaneli yake, ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri. Siku hiyo hiyo akaenda kuomba ruhusa ya kuondoka.

Ofisi ya Kinga ilikuwa na milango saba, kila mmoja na kufuli lake. Ndani kabisa, nyuma ya wavu wa chuma, aliketi Katibu, Bwana Makini, mtu mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Kuta zote za ofisi zilikuwa zimechorwa mstari mmoja mwekundu ulioanzia chini karibu na sakafu, ukapanda polepole, kisha miaka ya karibuni ukapanda kwa kasi mpaka juu ya dirisha.

"Kutoka si vigumu," akasema Bwana Makini. "Nchi hii haimruhusu mtu kutoka nje bila kinga. Tukikuachia hivi hivi ukaibiwa huko, lawama ni yetu. Buni kinga yako mwenyewe, mpya, isiyofanana na ya mtu. Ijaribiwe Jumatano. Ikifaulu, tunaipiga muhuri, unaivaa, unakwenda."

"Na isipofaulu?"

"Unabuni nyingine. Wapo wageni waliobuni ishirini na mbili."

"Wako wapi?"

"Wamezoea," akasema Bwana Makini.

Mashavu akahesabu siku kwa vidole ndani ya kanga. Mwezi wa kwanza ulikuwa umeshaandama. "Na anayezijaribu ni nani?"

Hapo Bwana Makini akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mwizi wa Serikali."

Ikabidi amweleze. Miaka arobaini iliyopita Ujihami ilimkamata mwizi wake wa mwisho, kijana aliyeiba boga. Wakataka kumfunga, lakini mtu mmoja mwenye akili akauliza: tukimfunga, tutajuaje kama kinga zetu zinafaa? Basi wakampa nyumba, koti la kijani, na kazi. Kila Jumatano wabunifu husimama mmoja mmoja ndani ya duara la chokaa, na yai la kuku limefichwa ndani ya kinga. Kopo lenye tundu huning'inizwa likiwa na maji. Maji yakiisha ngoma hupigwa. Mwizi akiwa ameshalitwaa yai, kinga imeanguka. Asipolitwaa, muhuri. Mwanzoni alikuwa anachukua mayai saba kati ya kumi.

"Na sasa?"

"Miaka tisa hajachukua hata moja!" Bwana Makini akauonyesha ule mstari mwekundu kwa fimbo. "Huo ndio ubunifu, mama. Huko kwenu mna kitu kama hicho?"

"Kwetu tuna hodi," akasema Mashavu.

Jumatano ya kwanza alikwenda kutazama tu. Kwanza Baraza lilikaa na kujadili. Kundi moja lilishikilia kwamba kinga njema ni ile inayopiga kelele, la pili likasema njema ni ile iliyo kimya, ili mwizi asijue alipo. Wakabishana mpaka jua likapanda. Mzee mmoja akasimama kuuliza ni nani anayetunza ufunguo wa mtunza funguo, wakamwambia swali hilo lina kamati yake, aketi.

Kisha mwizi akaja. Mashavu alitarajia mtu mwepesi kama paka. Akaja mzee wa miaka sabini na mitano, Mzee Ngwali, koti la kijani limempwaya mabegani, neno MWIZI limetariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu. Fundi ana macho yake: Mashavu akaona kwamba koti lile limepunguzwa mara tatu, na kila mara mwenyewe alikuwa amepungua zaidi. Mzee akaliendea duara kwa hatua za mtu anayepita juu ya maganda ya ndizi. Mbele ya nguzo akasimama, akaegemeza mgongo, akajisugua juu chini kama mbuzi ukutani, macho amefumba.

Makarani wakainama wote kuandika. Mashavu akachungulia daftari la jirani. Liliandikwa: "Mbinu ya kumi na nne. Hujisugua nguzoni ili kumpumbaza mwenye mali. Isitupumbaze."

Mbunifu wa siku hiyo alikuwa amevaa pipa lenye miba ya nungunungu. Mzee Ngwali akazunguka mara moja, goti likalia ko!, akaketi chini kupumzika. Maji ya kopo yakaisha. Ngoma. Watu wakashangilia kwa kugonganisha fito, muhuri ukapigwa, mstari ukaongezwa kidole kimoja.

"Umeona maendeleo?" akauliza Bwana Makini kupitia bomba lake.

"Nimeona mzee anaumwa magoti."

"Hiyo ni mbinu ya tisa."

"Kwa nini hamumpumzishi mkaweka kijana?"

Bwana Makini akashtuka. "Tumfundishe raia kuiba? Hilo ni kosa la jinai."

Mashavu akarudi kwa Bi Ruhila, akaomba kibali cha kutumia mkuki wake mdogo. Kilichukua siku sita. Alipokipata akakata kipande cha flaneli ya mjukuu, upana wa viganja viwili, roho ikimuuma kama aliyekata kidole cha mtoto. Akashona mfuko wa ndani, kama ile anayowashonea wanawake wa Mtindini kwenye magauni yao ya safari: mshono mara mbili, mdomo umekunjwa kwa ndani, ubavuni ambapo mkono wa mwenyewe hufika na wa mwingine haufiki bila wewe kujua. Kifungo hakuweka. Vifungo vilikuwa bado vinachunguzwa langoni.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza Bi Ruhila kutoka upande wa pili wa chumba. "Hailii? Haichomi?"

"Haina haja. Huyo mzee hataweza hata kuinama. Mwenyewe umemwona."

Bi Ruhila akazishika funguo zake shingoni. Kisha akasema polepole, "Sote tumemwona, Mashavu. Lakini ukisema hivyo, mihuri ya miaka tisa inakuwa nini?"

Jumatano ya zamu yake kulikuwa na joto. Mashavu alisimama ndani ya duara, yai ubavuni ndani ya flaneli, akalisikia likiwa na vuguvugu kidogo kana kwamba limetoka kutagwa. Usiku uliopita mwezi ulikuwa mwembamba sana. Siku mbili tatu hivi, utafichika, kisha utaandama mara ya pili. Akajiambia: simama wima, usifanye lolote, maji yaishe. Basi. Kazi yako ni kusimama.

Mzee Ngwali akaja. Akajisugua nguzoni, makarani wakaandika. Akaingia duarani. Tangu afike Ujihami, hakuna mtu aliyekuwa amemkaribia Mashavu kiasi hicho. Akasikia pumzi yake, na harufu ya sabuni ya mche. Macho yao yakakutana.

"Shikamoo, baba," akasema Mashavu, maana mdomo una mazoea yake.

Mzee akasita. Midomo ikatafuta jibu kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. "Mara... marahaba," akasema. Na hapo hapo goti likamsaliti, akaanza kwenda chini uso mbele.

Ungefanya nini wewe? Mashavu hakufikiri yai wala muhuri. Akainama, akamdaka kwa mikono yote miwili, "Pole, baba, pole, nimekushika!" Vizibao vya uwanja mzima vikapiga yowe, vya watu waliokuwa mbali kabisa, kwa ile hofu tu. Na kwa kuwa ameinama, na mfuko hauna kifungo, yai likateleza kwenye mdomo wa flaneli, likaanguka.

Halikufika chini. Mkono wa Mzee Ngwali, ule ambao haukuwa umetwaa yai miaka tisa, ukatoka kwenye mkono wa koti ukalipokea, laini, kama kupokea tone la mvua.

Uwanja ukanyamaza, hata vizibao. Mwizi alikuwa ameshika yai. Mashavu akaliona kiganjani mwa mzee, na akauona mlango wa Sikitu ukifungwa. Akakumbuka wale wageni waliobuni kinga ishirini na mbili, wakazoea.

Mzee Ngwali akalitazama yai, akamtazama mwanamke aliyemshika kwapani. Akalirudisha mkononi mwa Mashavu, akamkunjia vidole juu yake kimoja kimoja. Tone la mwisho likadondoka kutoka koponi. Ngoma ikalia.

Baraza likakaa palepale, na lilikaa mpaka alasiri. Wa kwanza akasema kinga imeanguka, kwa kuwa yai lilitoka. Wa pili akasema imefaulu, kwa kuwa ngoma ilipolia yai lilikuwa kwa mwenyewe na halina ufa. Wa tatu akasema kasoro si ya mfuko, ni ya mvaaji: ana huruma, akapendekeza ibuniwe haraka kinga ya kuzuia huruma, yenye springi. Wakapiga kura kuhusu springi.

"Mwizi aulizwe," akasema Bi Ruhila ghafla. "Sheria inataka aeleze mbinu."

Bwana Makini akageuza bomba. "Ulitumia mbinu gani, Mwizi?"

"Sikuiba," akasema Mzee Ngwali. "Lilikuwa linavunjika. Nikalidaka."

"Na kwa nini ulilirudisha?"

"Lake."

Makarani wakatazamana, hawakujua waiandike mbinu ya ngapi. Bi Ruhila akasimama, funguo zake kumi na moja zikigongana. "Basi, waheshimiwa, kilicholilinda yai ni nini? Si mfuko. Mfuko ulilitoa. Kilicholilinda yai ni huyu mzee. Kinga ya mgeni ni Ngwali."

Kelele ikazuka. Bwana Makini akaipiga meza fimbo mara saba. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria haikusema kinga iwe ya kitambaa au ya chuma. Akavuta fomu.

"Jina la kinga?"

"Ngwali," akasema Mashavu, akimtazama Bi Ruhila.

"Imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Mifupa, naona. Na koti."

Akaandika. Kisha kalamu ikasimama. "Lakini sheria inasema anayetoka atoke na kinga yake. Akiondoka na mwizi wetu, Jumatano tutajaribu kwa nani?"

 Wajumbe wakainamisha vichwa, kofia zao zikawaonyesha migongo ya viti. Mashavu akaona kwamba mambo yamerudi alipoanzia, na siku inakwisha. Lakini Bwana Makini alikuwa ameinua macho kwenye karatasi aliyotembea nayo, yenye nakala ya ule mstari mwekundu wa ofisini. Akaitazama sana. Uso wake ukaanza kung'aa.

"Asipokuwapo mwizi," akasema taratibu, "ni yai gani litakalotwaliwa? Kila kinga itafaulu. Kila kinga! Mstari utafika darini."

Fito zikagongana kwa shangwe ambayo Ujihami haikuwahi kuisikia. Muhuri ukapigwa kwenye fomu, na mwingine, kwa kuwa kinga lazima iwe na alama, ukapigwa kwenye paji la uso la Mzee Ngwali. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda.

Bi Ruhila aliwasindikiza mpaka langoni, ufito mkononi. Mtoto wake alikuwa nyuma, mikono minne kama ilivyoamriwa. Karani alipokuwa anatafuta vifungo na kuufuta mkuki mdogo orodhani, Bi Ruhila akakaribia hatua moja zaidi ya ilivyopasa, akagusa flaneli kwa ncha za vidole. Kizibao kikaanza kupiga yowe. Hakurudi nyuma.

"Ni laini," akasema, akipaza sauti juu ya yowe lake mwenyewe.

"Chukua," akasema Mashavu, akachana kipande kwa meno, mita nzima. "Za mjukuu zinatosha."

Mwenzangu, usiniulize alikifanyia nini. Lango lilifungwa, kufuli saba, na Mashavu hakurudi tena kule.

Nje jua lilikuwa linaelekea magharibi na njia ilikuwa wazi, ukungu hakuna, ukiuona mlima wa Mtindini kama kisu juu ya meza. Siku mbili kwa miguu ya Mashavu. Kwa miguu ya Mzee Ngwali, tatu. Mwezi ulikuwa bado haujaandama.

Walipofika kwenye jiwe la kwanza mzee akaomba kupumzika. Mashavu akalipangusa jiwe kwa kanga, akamketisha, akaufuta ule muhuri wa paji la uso kwa mate na pindo. Wino ulitoka nusu.

"Haya, baba. Umeshatoka. Si mwizi wa mtu sasa. Unataka nini?"

Mzee akamtazama kama aliyesikia lugha ngeni. "Naogopa..."

"Sikukuuliza unaogopa nini. Nimeuliza unataka nini."

 Mashavu hakumharakisha, mtu aliyezalisha wajawazito na kufumua pindo za watu maisha yake yote anajua kungoja. Ndege wa jioni wakapita. Mzee akafungua kifungo cha juu cha koti la kijani, kisha cha pili.  Akaona haya kama bwana harusi.

"Utanicheka," akasema.

"Nikikucheka nirudishe kule ndani."

Basi Mzee Ngwali akageuka pale juu ya jiwe, akampa mgongo, akajaribu kuonyesha mahali kwa kidole gumba kutoka juu, kikakwama. Akajaribu kutoka chini, kikakwama.

"Nikune, mwanangu," akasema. "Hapo katikati. Mkono wangu haupafiki. Pananiwasha tangu nilipoiba boga."